Bei ya Kumwaga Oili ya Gari: Historia Fupi Kutoka Kamwokya



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, leo tunazungumzia jambo linaloonekana dogo lakini linagusa mfuko wa familia nyingi: gharama ya kumwaga oili ya gari kwa fundi. Hapa Kamwokya familia nyingi zenye gari hazikulinunua kwa starehe. Gari ni duka linalotembea. Mmoja ana taksi ya abiria 14, mwingine ana speshali anayoisubirisha wateja kando ya barabara ya Kira, mwingine ana gari dogo la kubebea kuku na mboga alfajiri. Ada ya shule hutoka humo, na kodi ya nyumba hutoka humo.

Mwenye gari anapopeleka gari gereji na kuambiwa bei mpya ya oili na filta, husikitika na kutafuta wa kumlaumu. Wengine humlaumu fundi, wengine serikali, wengine nchi zinazochimba mafuta. Tukiitazama historia tutaona kwamba bei hiyo imejengwa kwa matofali matatu: umbali wetu kutoka baharini, thamani ya shilingi yetu, na uaminifu kati ya fundi na mwenye gari. Matofali mawili ya kwanza hayamo mikononi mwetu. La tatu limo mikononi mwetu, na ndilo linaloweza kuokoa injini au kuiua.

Kwanza: oili ni nini na kwa nini humwagwa?

Injini ni vyuma vinavyosuguana maelfu ya mara kwa dakika. Oili huweka utando mwembamba kati ya chuma na chuma, hupunguza joto, na hubeba masizi na unga wa chuma hadi kwenye filta. Kadiri inavyofanya kazi ndivyo inavyochoka. Ikikaa mno hugeuka tope, tope huziba vijia vyembamba ndani ya injini, na chuma hukutana na chuma. Hapo injini huanza kugonga, na mafundi husema imenoki.

Kabla ya mafuta ya ardhini watu walilainisha mashine kwa mafuta ya wanyama na ya mimea. Mwaka 1859 kisima cha Edwin Drake kilipata mafuta huko Pennsylvania, Marekani, na mafuta ya ardhini yakaanza kuchukua nafasi hiyo. Hata hivyo mimea haikuachwa mara moja. Kampuni aliyoianzisha Charles Wakefield huko London mwaka 1899 ilitengeneza oili iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, mmea ambao Waganda huuita nsogasoga. Kwa Kiingereza mbarika ni castor, na kutoka hapo likaja jina Castrol ambalo tunaliona kwenye makopo hadi leo.

Pili: njia ndefu kutoka pwani

Uganda haina bahari, na huu ndio mwanzo wa hesabu yetu. Kuanzia mwaka 1900 kampuni ya Shell ilikuwa na biashara ya mafuta ya taa Zanzibar. Mafuta ya zama hizo yalisafirishwa katika madebe ya galani 4, na ndiyo maana hadi leo bibi zetu hupima mahindi kwa debe. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo mizigo ilivuka ziwa kwa meli hadi upande wa Uganda. Treni yenyewe ilifika Kampala mwaka 1931. Kila mzigo uliposhushwa na kupakiwa tena, mtu alilipwa, na malipo hayo yaliingia katika bei.

Mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa Changamwe, Mombasa. Mwaka 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifika Nairobi, na mwaka 1994 likaongezwa hadi Eldoret na Kisumu. Hilo lilileta petroli na dizeli karibu nasi. Lakini oili ya injini haipiti katika bomba. Husafiri ndani ya mapipa na makopo, juu ya malori, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mombasa hadi Kampala. Kiwanda cha Changamwe nacho kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Siku hizi makopo mengine tunayoyaona madukani yametoka Falme za Kiarabu.

Kwa hiyo kila njia hiyo inapoguswa, Kamwokya huumia. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ghasia zilifunga barabara na reli, na mwanzoni mwa 2008 petroli ikawa adimu Kampala. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya lazima vya Korona, malori yakapanga foleni ndefu na bei ikapaa. Mwaka huo huo vita vya Ukraine vilipandisha mafuta ghafi zaidi ya dola 120 kwa pipa. Mwishoni mwa 2023 meli zilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, na nauli za baharini zikapanda. Mtoto wa Kamwokya anaweza asijue Bahari ya Shamu ilipo, lakini baba yake ameilipia.

Tatu: Waislamu na usukani

Kuna sehemu ya historia hii inayotuhusu sisi wenyewe. Baada ya vita vya dini vya miaka ya 1888 hadi 1892, Waislamu wa Buganda walijikuta pembeni. Katika Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, kati ya masaza 20 walipewa uongozi wa saza moja tu, Butambala. Shule nazo zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kwamba mtoto akienda kusoma atarudi amebatizwa. Bila shule hakukuwa na ukarani, na bila ukarani hakukuwa na mshahara wa serikali.

Wazee wetu hawakukaa wakilia. Waliingia katika biashara, uchinjaji, udereva na kazi za mikono. Ndiyo maana tangu zamani katika miji ya Uganda ukimtaja mchinjaji au dereva, watu humfikiria Hajji. Udereva wa zama hizo ulikuwa pamoja na ufundi. Lori likiharibika njiani hakukuwa na gereji ya kuita, kwa hiyo dereva alilala chini ya gari lake na kulitengeneza. Kijana aliyekuwa taniboi alijifunza kwa macho na mikono, akaanza kwa kuosha vyuma na kumwaga oili, na baada ya miaka akakabidhiwa usukani. Hii ilikuwa madrasa ya aina yake, na cheti chake kilikuwa jina jema.

Juu yao kulikuwa na gereji kubwa na maduka ya spea mjini, ambayo mengi yalimilikiwa na Wazungu na Waasia. Waafrika wengi walifanya kazi humo wakiwa wasaidizi. Kitabu cha gari, oda za spea na mawasiliano na wauzaji wa nje vilikaa ofisini kwa mwenye gereji. Jambo hili lilikuja kuwa na uzito mkubwa baadaye.

Nne: mwaka 1972 na zama za magendo

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka, na miongoni mwao walikuwemo Waislamu wenzetu, Maismailia na wengineo. Maduka na gereji vikagawiwa watu wengine. Waliopewa wengi hawakuijua biashara hiyo. Spea zilizokuwepo ziliuzwa, na zilipokwisha hakukuwa na aliyejua kuagiza nyingine.

Kabla jeraha halijapona, Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisimamisha uuzaji wa mafuta kwa Marekani na nchi nyingine zilizoiunga mkono Israel vitani. Mafuta ghafi yalipanda kutoka dola kama 3 kwa pipa hadi karibu 12 mwanzoni mwa 1974. Nchi tajiri ziliumia, lakini nchi maskini zisizo na bahari ziliumia zaidi. Mwaka 1976, baada ya uvamizi wa Entebbe, uhusiano wa Uganda na Kenya uliharibika na mafuta yakawa adimu sana Kampala. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na pamoja nayo reli ya pamoja. Aprili 1979 Amin aliangushwa, na mwaka huo huo mapinduzi ya Iran yakapandisha tena bei ya mafuta duniani.

Zama hizo zilituachia maneno mawili ya Kiswahili ambayo hata Muganda asiyejua Kiswahili anayafahamu. La kwanza ni magendo. La pili ni mafuta mingi. Mwalimu wa shule atasema ni “mafuta mengi”, lakini Kampala ilisema mafuta mingi, ikimaanisha mtu aliyenenepa kwa biashara ya magendo na mali aliyogawiwa. Watu wachache walikuwa na mafuta mingi, na magari mengi hayakuwa na oili.

Wakati wa dhiki ndipo mafundi wa kando ya barabara walipozaliwa kwa wingi. Katwe ikawa mahali pa kuchonga spea zisizopatikana dukani. Fundi aliona chuma kilichovunjika, akatengeneza kinachofanana nacho. Oili iliyokwisha kutumika ilichujwa kwa kitambaa na kurudishwa katika injini, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Tusiwacheke wazee hao. Wao ndio waliofanya nchi iendelee kutembea. Lakini tukubali pia kwamba desturi ya “itafaa tu” ilizaliwa hapo, na haikufa shida ilipokwisha.

Tano: shilingi na magari ya Japani

Mei 1987 serikali ilibadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, na mwaka 1994 bei ya mafuta ikaachiwa soko. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai. Corolla iliyoitwa Kikumi ikajaa mjini, na soko la Kisekka likawa mahali pa kupata kila kitu, kuanzia nati hadi injini nzima ya mtumba.

Mtu wa kawaida akaweza kununua gari, na hiyo ilikuwa neema. Lakini gari lilinunuliwa kwa dola, na oili yake pia hununuliwa kwa dola. Hapa wanafunzi wetu wachukue kalamu. Katikati ya miaka ya 1990 dola 1 ilikuwa karibu shilingi 1,000. Miaka ya 2020 imekuwa ikizunguka shilingi 3,600 au 3,700. Tuseme lita moja ya oili inauzwa dola 4 huko inakotoka, na tuseme bei hiyo haikubadilika hata senti moja kwa miaka yote hiyo. Mwaka 1995 ingekugharimu shilingi 4,000, na baadaye karibu shilingi 14,500. Fundi hakuongeza kitu, muuzaji hakuongeza kitu, na bado bei imepanda zaidi ya mara tatu.

Juu ya hilo kuna kodi. Kodi ya ongezeko la thamani ilianza Uganda Julai 1996 kwa asilimia 17, na mwaka 2005 ikawa asilimia 18.

Jambo jingine ni magari yenyewe. Injini za zamani ziliridhika na oili nzito ya kawaida. Injini za miaka ya karibuni zina vijia vyembamba zaidi na hutaka oili nyepesi, mara nyingi ya sinthetiki, ambayo ni ghali. Mwaka 2018 sheria ya Uganda ilizuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Ni sheria yenye faida kwa hewa tunayovuta, lakini pia inasukuma mjini magari yanayotaka oili ya bei ya juu. Mwenye gari aliyezoea kopo la zamani hushtuka.

Sita: bei mbili katika mtaa mmoja

Kamwokya ipo mahali pa ajabu. Upande mmoja kuna Kololo yenye nyumba za mabalozi, upande mwingine nyumba zimebanana bondeni. Jumba la Makumbusho la Uganda, ambalo watoto wetu hupelekwa na shule, lipo pale barabara ya Kira tangu mwaka 1954. Katika mtaa kama huu utapata bei mbili za kazi moja. Katika kituo cha mafuta utalipia shimo la kufanyia kazi, vifaa, risiti, bima na mshahara wa fundi mwenye cheti. Chini ya mwembe utalipia mikono ya fundi peke yake.

Je, bei ya chini ya mwembe ni dhambi? Hapana. Wapo mafundi pale wanaojua injini kuliko wenye sare. Wala kituo chenye taa nyingi si dhamana ya ukweli. Tatizo ni kwamba mwenye gari hana njia rahisi ya kujua kilichomiminwa ndani. Oili ikishaingia haionekani. Kopo lenye jina kubwa huweza kujazwa oili hafifu. Filta ya zamani huweza kufutwa na kurudishwa. Uharibifu huonekana baada ya miezi, na hapo huwezi kuthibitisha chochote.

Historia ya Kiislamu inalijua tatizo hili. Katika miji kama Baghdad, Damascus na Cairo kulikuwa na muhtasib, msimamizi wa soko, aliyekagua mizani, vipimo na bidhaa zilizochanganywa. Karne ya 12 huko Syria, Ash-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, akitaja fani baada ya fani na hila zinazofanywa katika kila moja. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja katika vipimo, na kila mtoto wa madrasa anaijua. Uganda ya leo ina Shirika la Viwango, UNBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Lakini mkaguzi hawezi kusimama chini ya kila mwembe. Pale anasimama fundi na Mola wake.

Saba: hesabu ya familia

Bei inapopanda, jibu la wengi ni kurefusha muda. Anayestahili kumwaga oili baada ya kilomita 5,000 anafika 8,000, kisha 10,000. Tufanye hesabu. Speshali inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hutembea kilomita 30,000. Ikimwaga oili kila kilomita 5,000, ni mara 6 kwa mwaka. Bei ikiongezeka shilingi 20,000 kila mara, familia inaongeza shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani shilingi 400 kwa kila siku ya kazi. Mia nne hizo zinaweza kuwekwa pembeni kila jioni. Injini ya mtumba haiwekwi pembeni kwa mia nne. Gari likilala wiki tatu likisubiri injini, watoto hurudishwa nyumbani kwa ada.

Tena foleni zetu hudanganya kipimo cha kilomita. Gari likisimama saa nzima Wandegeya injini inafanya kazi, oili inachoka, na kilomita hazisogei. Vumbi nalo huongeza uchafu. Kwa hiyo Kampala kurefusha muda ni hatari kuliko katika barabara kuu iliyo wazi.

Nasaha zetu ni chache:

1. Soma kitabu cha gari lako au muulize fundi unayemwamini ni oili ya aina gani inayotakiwa. Usinunue ghali kuliko inavyohitajika, wala hafifu kuliko inavyohitajika.

2. Nunua kopo mwenyewe, hakikisha muhuri haujavunjwa, na usimame hapo linapofunguliwa. Baadaye litoboe kopo tupu, lisije likajazwa tena.

3. Omba filta ya zamani uione. Andika tarehe na kilomita katika daftari. Mpe mtoto wako wa sekondari kazi hiyo, atajifunza hesabu na atajifunza gari.

4. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Maji hayo tunayakuta tena. Ikusanywe katika debe na ikabidhiwe wanaoikusanya.

5. Mlipe fundi mwaminifu haki yake bila kumbana hadi ashawishike kukudanganya. Ukimpunja naye atatafuta pa kufidia, na pa kufidia ni ndani ya injini yako.

Na kwa vijana wetu: babu zenu waliingia chini ya gari kwa sababu milango ya shule ilifungwa. Nyinyi leo mnaweza kushika vyote viwili. Vyuo vya ufundi kama Nakawa vipo, magari ya kisasa yanahitaji fundi anayesoma kompyuta ya injini, na mjini kuna njaa kubwa ya fundi ambaye mtu anaweza kumwachia funguo na kwenda kuswali Adhuhuri bila wasiwasi. Mwaka 1972 Uganda iligundua kwamba gereji zisizo na wajuzi ni mabanda matupu. Hatuwezi kuisogeza Mombasa karibu, wala hatuwezi kuishika dola isipande. Tunaweza kuwa na mafundi wajuzi na waaminifu, na wenye magari wanaolipa kwa wakati.

Tunamuomba Allah azibariki kazi za mikono yetu na azipe familia zetu riziki ya halali.

Wabillahi tawfiq.